Siku Mzee Sikio Alipozima Kinu

Kinu cha Gerishon kule Kiplombe kilizimwa saa mbili asubuhi siku ya Jumamosi, foleni ikiwa imetoka mlangoni mpaka kwenye ua wa michongoma. Stima ilikuwa imepotea siku mbili. Iliporudi Ijumaa jioni kila nyumba ilikuwa imeshakung'uta unga wa mwisho, kwa hivyo asubuhi hiyo watu walikuja na madebe, wengine na magunia juu ya mikokoteni, mahindi mapya ya Novemba ambayo bado yananuka shamba. Debe la pili halikuwa limekwisha kusagwa kinu kilipoanza kutetemeka kama mtu aliyeshikwa na malaria. Rosebella, mama anayekiendesha, akapiga switchi, akatoka nje kope zote zikiwa nyeupe kwa unga, akamwambia mwenye kinu, "Mimi sirudi hapo ndani mpaka Mzee Sikio aje."

Gerishon akapiga simu Munyaka, anakokaa mzee huyo.

Huyo Mzee Sikio jina lake ni Wabuge, mtu wa Bungoma, upande wa Kimilili. Aliingia Eldoret akiwa na miaka ishirini na kitu, akaajiriwa kubeba marobota kwenye kiwanda cha nguo. Kutoka kwa marobota akapewa kopo la kupaka mashine mafuta, na huko kwa kupaka mafuta ndiko alikookota ufundi, maana hakuna aliyemkalisha darasani. Fundi mmoja mzee alimwonyesha mara moja tu: shika bisibisi ndefu, ncha yake iguse nyumba ya beringi, ile pete ya gololi ambamo shafti huzunguka, mpini uubane kwa mfupa ulio nyuma ya sikio, halafu unyamaze. Mashine itasema yenyewe. Kiwanda kilipofungwa, Wabuge alitoka na bisibisi yake na ujuzi huo, na hivyo viwili ndivyo vimemlisha yeye, mkewe Nakhumicha na watoto wanne mpaka leo. Kutoka Munyaka mpaka Soy ni vinu vichache sana ambavyo hajaviwekea sikio. Watu husimulia kwamba aliwahi kupita njiani kwa baiskeli, akasikia kinu cha mtu kikisaga ndani ya mabati, akateremka, akaingia bila kuitwa, akasema, "Beringi yako ya nyuma imebakisha wiki moja." Wiki haikuisha, ikapasuka. Ndipo jina likamshika.

Lakini Jumamosi hiyo, akiwa amekaa nyuma ya bodaboda kuelekea Kiplombe, mfuko wa spana mapajani, Wabuge alikuwa na siri. Waliojua ni yeye na binti yake Sylvia, basi. Hata Nakhumicha alikuwa hajaambiwa.

Ilianza na vifaranga. Mwezi wa sita kuku wa Nakhumicha aliangua vifaranga tisa, na Wabuge alikuwa amekaa kwenye kigoda anawatazama. Akaona midomo yao ikifunguka na kufungika, ikifunguka na kufungika, bila sauti yoyote. Akadhani ni ugonjwa. Akamwita Sylvia, ambaye ni karani katika duka la dawa za mifugo mjini na mambo ya kuku anayajua. Sylvia akainama akasikiliza, akainua macho akamtazama baba yake, akasema polepole, "Baba, hawa wanapiga kelele mpaka mimi kichwa kinaniuma."

Wakaenda kupimwa. Daktari akamwambia sauti nene anazisikia vizuri, sauti ya mtu, ya lori, ya ngoma. Zile nyembamba za juu ndizo zimekwenda, na zikienda hazirudi. Ni kelele za kiwandani za miaka ile, na uzee umemalizia.

Sasa fikiria mwenyewe. Beringi inapoanza kufa hailii kwa sauti nene. Inalia nyembamba kabisa, kama filimbi ya mtu aliye ng'ambo ya mto, na mtu anayeishi kwa kuisikia hiyo filimbi ndiye huyo ameambiwa haitarudi. Wabuge alitoka hospitalini, akamshika binti yake mkono pale langoni. "Hili tusilitangaze," akasema. "Wakijua, nani ataniita tena?"

Sylvia hakutangaza, lakini pia hakukaa hivyohivyo. Alimtilia baba yake kwenye simu kile kitu watu wa mjini wanakiita AI, na magazeti yanakiita akili unde. "Hii utaishika karibu na mashine," akamwonyesha. "Itakuchorea sauti hapa kwa kioo. Huku chini ni sauti nene, huku juu ni nyembamba. Ukishaona, iulize. Ongea nayo Kiswahili chako hichohicho unachoongea nasi."

Ilikuwa miezi minne sasa anaitumia, kwa kificho, simu ikiwa mfuko wa shati kama ya mtu yeyote. Na kusema kweli ilimsaidia sana. Kuna kinu kilichotoka Uchina na kitabu ambacho hakuna mtu wa Kiplombe angeweza kukisoma; alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akasomewa. Kuna mdomo wa kinu alioufikiria mwenyewe, wa kuzuia mahindi yasirukeruke; alieleza kwa maneno, akachorewa mchoro wenye vipimo, mchomeleaji akaukubali mara ya kwanza. Lakini pia ilimwaibisha. Huko Soy aliitundika karibu na mkanda, ikamwambia kwa adabu nzuri kwamba mkanda umelegea. Akakaza. Kumbe mkanda hauna neno, ni bati la kuukinga lililokuwa limelegea msumari. Tangu hapo aliisikiliza kama unavyomsikiliza mgeni msomi: unamheshimu, lakini humpi ufunguo wa nyumba.

Bodaboda ilipomshusha, foleni ilifunguka katikati kumpisha.

"Sikio amefika!" akasema mama mmoja aliyekalia debe lake. Huyo alikuwa Chelimo, muuza maziwa, mdomo wake haupumziki. "Mzee, harakisha. Watoto wangu leo wamekunywa chai kavu mpaka wananiita shangazi."

"Waambie mama yao anakuja," Wabuge akamjibu, na watu wakacheka.

Mmoja hakucheka. Karibu na mlango alisimama Zachariah, mzee aliyevaa koti refu, na mbele yake magunia mawili ya mahindi. Alimsalimia Wabuge kwa mikono miwili. "Fundi, sisi tuna matanga," akasema. "Tunamzika ndugu yangu saa nane. Watu wamelala kwangu tangu Alhamisi na unga umekwisha. Nilienda kwa kile kinu cha ng'ambo, foleni ya huko inashinda hii."

"Pole sana, Mzee. Nitaangalia."

Ndani, Gerishon alikuwa anazunguka kinu kama anatafuta mlango wa kukiingilia. Ni mtu mfupi, mwenye kofia ya manyoya, aliyetoka Nyeri zamani akafungua duka kwanza na kinu baadaye, na hana subira. "Bwana Wabuge, unaona foleni? Leo hii ndiyo siku ya mwezi mzima. Niambie tu ni nini."

Wabuge akaomba kiwashwe bila mahindi. Rosebella akapiga switchi. Kinu kikanguruma, sakafu ikaanza kutetemeka, unga uliokuwa juu ya mabati ukaanguka kama ukungu. Wabuge akaweka bisibisi, akabana mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Na hapo akasikia, alhamdulillahi hata kwa Mkristo: du, du, du, du, nzito, inayozunguka na shafti. Hiyo aliijua. Hiyo ilikuwa ndani ya sauti zilizobaki kwake.

"Zima," akasema. "Rosebella, ni lini ulibadilisha nyundo?"

Ndani ya kinu cha namna hii kuna vipande vya chuma vinavyoning'inia kwenye shafti, na vikizunguka ndivyo vinavyoyapasua mahindi. Hizo ndizo nyundo. Huku hakuna anayenunua za dukani. Zinakatwa kutoka kwa spring za lori, na kwa kweli hudumu kuliko za dukani. Rosebella akaweka mkono mdomoni. "Moja ilikatika Jumatano, kabla stima haijapotea. Nikaweka mpya."

"Moja tu?"

"Iliyokatika si ilikuwa moja?"

Wabuge akatabasamu. Ndiyo hiyo. Nyundo mpya ni nzito, na inayokaa upande wa pili imelika imekuwa nyepesi, kwa hivyo shafti inavutwa upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo moja. Akafungua kinu. Akaazima mizani ya kupimia sukari kutoka duka la Gerishon, akapima nyundo moja baada ya nyingine, akazipanga mbilimbili zinazolingana, na ile mpya akaipunguza kwa jiwe la kunolea la umeme mpaka ikafanana na mwenzake. Kazi hiyo ilimla saa nzima na zaidi. Nje Chelimo alikuwa ameanza kuwahutubia watu juu ya serikali.

Saa nne kasoro akafunga. Simu aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya dirisha, kioo kikimwelekea yeye tu, akaiwasha isikilize. Rosebella akapiga switchi.

Kinu kikashika mwendo laini. Gerishon akaweka glasi ya maji sakafuni na maji hayakutikisika sana. Akapiga makofi. "Sikio!" akapaza sauti kuelekea foleni. "Nilisema nini mimi? Leteni mahindi! Wa matanga waanze!"

Watu wakapiga vigelegele. Zachariah akasimamia gunia lake la kwanza likiingizwa ndani, na Rosebella akaenda kusimama mahali pake, upande wa mkanda, pale unga unapotokea, kama anavyosimama kila siku kutwa nzima.

Wabuge akachukua simu yake.

Ile mistari minene ya chini ilikuwa imeondoka. Lakini juu kabisa, mahali ambapo yeye alikuwa hana kitu, kulikuwa na mstari mwembamba uliowaka, umenyooka, haupepesi. Akageukia ukuta, akaandika kwa kidole: *Nimesawazisha nyundo. Huu mstari wa juu ni nini?*

Jibu likaja. Ilimwambia kwamba kutetemeka kumepungua sana, kwa hivyo kazi ya nyundo inaonekana kuwa nzuri. Huo mstari wa juu, ikasema, unaweza kuwa wa beringi iliyoharibika, lakini haina hakika. Hata chujio la unga linaloguswa na nyundo linaweza kutoa sauti kama hiyo. Ingefaa kinu kizimwe, mkanda utolewe, na shafti izungushwe kwa mkono. Kisha ikauliza: *Je, wewe mwenyewe unaisikia hiyo sauti nyembamba? Inatoka upande gani?*

Alisoma swali hilo mara mbili. Akanyoosha mkono akagusa beringi ya karibu. Moto, lakini beringi yoyote ikizunguka hupata moto. Akakumbuka Soy na bati lake. Labda ni chujio. Labda ni Soy tena, na watu wanangoja, na Mzee wa watu ana maiti nyumbani. Akamtazama Rosebella, aliyekuwa ameinama anashikilia mdomo wa gunia chini ya unga, kichwa chake kikiwa hatua moja tu kutoka kwa shafti. Beringi ikipasuka na kinu kiko mbioni, shafti huruka. Aliliona jambo hilo mara moja maishani, kiwandani, na aliyekuwa amesimama pale hakuzikwa mzima.

Gunia la Zachariah lilikuwa limefunguliwa. Kijiko kikubwa cha kwanza cha mahindi kilikuwa hewani.

Wabuge akaruka akapiga switchi.

"We!" Gerishon akashtuka. "Kwani nini?"

"Ngoja kidogo. Kuna sauti."

"Sauti gani? Kinaimba kama kwaya!"

"Kuna beringi inalia."

Foleni ilianza kusogea, vichwa vikajaa mlangoni. Gerishon akavua kofia, akapangusa kipara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye foleni. "Haya. Beringi ni mbili. Ya upande wa mkanda na ya upande wa ukuta. Ni ipi? Nina beringi gani ya kuweka hapa mimi, itabidi itoke mjini. Weka bisibisi, utuambie ni ipi, tujue moja."

Kikawashwa tena kikiwa kitupu. Wabuge akaweka bisibisi kwenye beringi ya mkanda, akafumba macho. Akasikia ngurumo ya mota. Akasikia upepo wa nyundo. Juu ya hapo hakuna, kama mtu amemtilia pamba. Akazunguka, akaweka kwa ya ukuta. Ngurumo ileile. Pamba ileile.

Watu walikuwa wamenyamaza ili asikie. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwamba walikuwa wamenyamaza kwa heshima. Hata Chelimo.

Angeweza kutaja moja. Hakuna ambaye angejua. Akitaja ile nzuri, itatolewa, itawekwa mpya, kinu kitawashwa, Rosebella atarudi mahali pake na ile iliyokufa bado iko ndani. Akitaja ile mbovu, jina lake litapanda juu zaidi ya lilivyo. Ni kama kurusha sarafu, na kichwa kilicho karibu na shafti si chake.

Akashusha bisibisi. Akaashiria kizimwe.

"Ni ipi?" Gerishon akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sisikii." Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Gerishon, mimi sauti za namna hiyo sizisikii tena. Tangu mwezi wa sita. Nilipimwa. Ni hii simu imeniambia kuna sauti, na yenyewe inasema haina hakika."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na kicheko kikaenea kama maji yaliyomwagika.

"Ati Sikio hasikii!" Chelimo akasema. "Ngai wa watu! Kumbe tumekuwa tukitibiwa na simu?"

"Miezi yote hii?" Gerishon hakucheka. Uso ulikuwa umemwiva. "Miezi yote hii unakuja hapa, unafumba macho, unaweka hicho chuma kwa kichwa, na husikii? Ulikuwa unatuigizia?"

"Nene nasikia. Hii ya leo ya nyundo nimeisikia mwenyewe. Nyembamba ndiyo..."

"Na kama ungenyamaza?"

"Ndiyo maana sijanyamaza."

Gerishon akageuka, akaanza kutafuta namba kwenye simu yake. "Nitaita yule fundi wa mjini. Akija Jumatatu, aje Jumatatu." Akatoka nje.

Wabuge alibaki amesimama katikati ya watu, mikono ikining'inia. Angeweza kuchukua mfuko wake aondoke; njia ilikuwa wazi. Badala yake akamwita Rosebella.

"Mama, masikio yako ni mazima?"

"Mimi nasikia mpaka panya akitafuna gunia."

"Njoo." Akamshikisha bisibisi, akamwonyesha ule mfupa nyuma ya sikio, kama alivyoonyeshwa yeye. "Usisikilize ngurumo. Ngurumo iache ipite. Tafuta kitu kidogo juu yake."

Akawasha. Rosebella akaweka ncha kwa beringi ya ukuta, akatikisa kichwa: hakuna. Akaweka kwa ya mkanda, na papo hapo akaruka nyuma kama ameungua.

"Yesu! Hii filimbi? Na chini yake kuna kitu kama mtu anatafuna mchanga. Hii filimbi mimi nimeisikia tangu wiki jana, nikadhani ndivyo kinu kilivyo."

Wabuge akaweka simu kwa ya ukuta, kisha kwa ya mkanda, akaacha kila mtu atazame kioo. Kwa ya ukuta mstari wa juu ulikuwa umefifia. Kwa ya mkanda ukawaka. Zachariah alikuwa amejipenyeza mbele, miwani puani. "Hata mimi ninayesoma Biblia kwa shida naona," akasema. "Fundi, fungua."

"Mzee, nikifungua hutasaga sasa hivi."

"Ndugu yangu amekwisha kufa. Sitaki kuongeza mwingine. Fungua."

Akatoa mkanda, akafungua nyumba ya beringi. Kifuniko kilipotoka, beringi haikuhitaji hata kuvutwa kwa nguvu. Kile kibanio kinachoshika gololi kilikuwa kimekatika vipande vitatu, vikamdondokea kiganjani, na gololi zenyewe zilikuwa na makovu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hakuna aliyecheka. Gerishon alikuwa amerudi mlangoni na simu mkononi, akatazama vile vipande.

Lakini kilichomshangaza Wabuge ni harufu. Akainusa beringi. Akaipeleka tena puani. "Mbona hii inanuka mandazi?"

Rosebella akaketi juu ya gunia.

"Ni mimi," akasema. "Wamama walikuwa wananiambia unga unanuka grisi, watoto wanakataa uji. Sasa nikafungua hapo, nikapangusa grisi yote na kitambaa, nikaweka mafuta ya kupikia. Yale ya kuganda. Nilinunua mwenyewe, kopo jipya kabisa, sikutumia makuukuu." Akaanza kulia. "Nilitaka unga uwe safi."

"Ni kweli," mama mmoja akasema kwa aibu. "Ni sisi tulimwambia."

Mafuta ya kupikia yakipata moto huyeyuka, yakiyeyuka hutiririka, na beringi hubaki kavu ikijitafuna. Hata ile simu, na usomi wake wote, isingefikiria jambo hilo, maana nani angeiambia kwamba kuna mama Kiplombe anayependa uji wa watoto wa wenzake kiasi hicho? Wabuge akamwekea Rosebella mkono begani. "Grisi nitakufundisha jinsi ya kuizuia isiingie kwenye unga. Ni kipande tu cha ngozi, tunakikata hapa."

Akaipiga picha namba iliyochorwa ubavuni mwa beringi, maana macho nayo si yale, simu ikamsomea, akamtumia Sylvia. Sylvia akakimbia duka la vipuri, akaitafutia beringi bodaboda. Muda huo wote Gerishon alikaa mlangoni pa duka lake, mgongo umegeukia kinu. Zachariah aliacha gunia moja, lingine akalifunga kwenye mkokoteni, akalipeleka ng'ambo akajaribu bahati yake. Chelimo alisema yeye haendi popote, amekwisha kulipasha debe moto kwa kulikalia.

Beringi ikafika saa sita kasorobo. Wabuge akaiweka, akaijaza grisi, akakata ngozi, akakaza. Kisha hakufumba macho. Alisimama mbele ya watu wote, simu mkono mmoja, akamkabidhi Rosebella bisibisi.

"Washa. Halafu uniambie unasikia nini."

Mstari wa juu haukutokea. Rosebella alisikiliza muda mrefu, ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika. "Ngurumo," akasema. "Ngurumo tu, na upepo."

"Basi sagia Mzee gunia lake."

Unga ukaanza kutoka. Wabuge akakusanya spana zake moja moja, polepole, bila kumwangalia mtu. Kupitia dirishani alimwona Gerishon amesimama karibu na michongoma, simu sikioni, akizungumza na kutupa mkono hewani. Umbali ule hakusikia neno, lakini aliona kidole cha Gerishon kikigusa sikio lake mwenyewe, mara moja, kisha mara ya pili, na kichwa kikitikisika. Akajua anasimuliwa. Akafunga mfuko. Mpaka jioni habari ingekuwa imefika Soy, na kesho kanisani ingekuwa imemfikia Nakhumicha.

Alikuwa amefika njiani Gerishon alipomfikia mbio, akihema. Akazunguka akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso, akasema kwa sauti nene na kubwa, kama mtu anayeongea na lori.

"Ungeniambia mwezi wa sita!"

"Ungeniita tena?"

Gerishon akainua simu. Ilikuwa bado inawaka, mtu yuko ndani anangoja. "Huyu ni Isaiah, mwenzangu wa Soy. Kinu chake kinapiga kelele wiki ya pili. Nimemwambia husikii. Nimemwambia yote, hata ya mandazi." Akavuta pumzi. "Anauliza utakuja lini."

Wabuge akauhamisha mfuko wa spana kutoka bega moja hadi jingine. Alitazama barabara, akatazama tena ile simu.

"Mwambie Jumatatu," akasema. "Na asiwashe kabla sijafika. Halafu aniwekee hapo karibu mtu mmoja mwenye masikio mazuri."